Daraja la Kwanza Hujengwa Lini? Mwongozo Kamili wa Ufaulu na Tuzo kwa Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza Dodoma

Wanafunzi wengi huanza kuulizia daraja la kwanza wakiwa mwaka wa tatu, na wakati huo theluthi mbili ya hesabu imeshafungwa. Akili ina nafasi yake, na shule uliyotoka ina nafasi yake, hatukatai. Lakini kwa aliyekwisha kupokelewa, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma kule Chimwaga, Mtakatifu Yohana pale Mazengo, Chuo cha Mipango au Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), tofauti kati ya GPA (wastani wa pointi za kozi zote) ya 3.4 na ya 4.4 mara nyingi inatoka kwenye mambo ambayo hakuna mhadhiri anayesimama darasani kuyafundisha: jinsi alama zinavyohesabiwa, zile alama 40 za kabla ya mtihani wa mwisho, lugha ya kujibia, fedha ya kujikimu, na karatasi za ofisini. Mwongozo huu unayapitia hayo. Pale ambapo vyuo vinatofautiana, kanuni za mitihani za chuo chako ndizo zenye neno la mwisho, kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kuzipata na kuzisoma. Huwa ziko kwenye prospektasi au kwenye tovuti ya chuo.

Anza na hesabu

Mfumo uliozoeleka kwenye vyuo vyetu ni wa pointi 5. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, E ni 0. A huanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Unachukua pointi za kila kozi, unazidisha kwa krediti za kozi hiyo, yaani uzito wake, unajumlisha zote, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti. Daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na 2.0 hadi 2.6 ni kufaulu kwa kawaida. Shahada ya udaktari wa tiba kwa kawaida haipangwi madaraja haya.

Kuna mambo mawili hapa yanayowaumiza watu. La kwanza, vyuo vingi hukata tarakimu baada ya desimali moja, havikadirii. Ukipata 4.39, cheti kinasoma 4.3. La pili, mwaka wa kwanza una uzito uleule wa mwaka wa mwisho.

Chukua shahada ya miaka 3 yenye krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Ili kufika 4.4 unahitaji pointi 1,584. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 4.2 ana pointi 504 mkononi. Amebakiza 1,080 za kutafuta kwenye krediti 240, sawa na wastani wa 4.5. Nusu ya kozi zake zikiwa A na nusu B+, anafika. Aliyemaliza na 3.6 ana 432. Anahitaji wastani wa 4.8 kwa miaka miwili mfululizo. Hiyo ni A kwenye krediti 192 na B+ kwenye 48 zilizobaki, bila B hata moja. Inawezekana, ila hana tena pa kuteleza.

Sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, nayo ina bei yake. Kwenye vyuo vingi, anayerudia mtihani hapewi zaidi ya C hata akipata 90. Kozi ya krediti 10 ambayo ungepata A ikishuka hadi C, umepoteza pointi 30. Mwenye 4.45 anabaki na 4.36, inakatwa, inakuwa 4.3. Sapu moja imeondoa daraja zima.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya muhula fanya hivi: andika kozi zote, weka krediti mbele ya kila moja, zipange kuanzia yenye krediti nyingi. Kozi ya krediti 12 inastahili muda zaidi ya ile ya 6, hata kama ya 6 ndiyo tamu. Tumeona wanafunzi wakimwaga jasho kwenye kozi ndogo wanayoipenda na kupata 85, huku ile kubwa ya takwimu ikiwapa 52. Kwenye GPA, 85 na 70 ni kitu kimoja.

Zile 40 ndizo zinazoamua

Mgawanyo wa kawaida ni 40 kwa majaribio na kazi za muhula, na 60 kwa mtihani wa mwisho, ule ambao kila mwanafunzi anauita UE. Mara nyingi unatakiwa uwe na angalau 16 kati ya 40 ndipo uruhusiwe kuingia UE. Watu hukariri hiyo 16 wakadhani ndiyo lengo. Lengo lipo juu zaidi, na hesabu inaonyesha sababu.

Ukiingia UE na 34, unahitaji 36 kati ya 60 kupata A. Hiyo ni asilimia 60 tu ya mtihani. Ukiingia na 24, unahitaji 46, karibu asilimia 77. Ukiingia na 18, unahitaji 52, asilimia 87, na kozi ambazo mtu hupata asilimia 87 ya UE ni chache mno. Ndiyo maana tunasema A hupatikana kabla ya mtihani. Lenga 32 kwenda juu kwa kila kozi.

Zinapatikanaje? Kwenye kazi za vikundi, ambazo wengi huzidharau, usikubali kuwa jina tu kwenye jalada. Kikundi cha watu 10 kwa kawaida kina watu 3 wanaofanya kazi, na mhadhiri akiamua kuita mmojammoja kuwasilisha, wale 7 wanaumbuka. Chukua sehemu mahususi, iandike, isome kazi nzima kabla haijaenda kuchapwa. Jaribio la kwanza hutoka mapema, mara nyingi wiki ya 5 hadi ya 7, na kwa wa mwaka wa kwanza linawakuta bado wanahangaika na hosteli, usajili na kuzoea ukubwa wa chuo. Hapo ndipo alama nyingi za mwaka wa kwanza hupotelea.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Hifadhi kila karatasi ya jaribio iliyorudishwa, na kila kazi uliyowasilisha piga picha pamoja na sahihi ya kupokelewa. Alama za muhula zinapobandikwa au kuwekwa kwenye mfumo kabla ya UE, zikague siku hiyohiyo. Jaribio lisiloonekana ni rahisi kurekebishwa kabla ya mtihani, ukiwa na karatasi mkononi. Baada ya matokeo kupitishwa, suala lilelile linakuwa barua, vikao na miezi ya kusubiri.

Mahudhurio yasikuponyoke pia. Kanuni nyingi zinadai asilimia 75 ya vipindi.

Saa 35 kwa wiki, na ziwekwe wapi

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Zigawanye kwa wiki 17, yaani 15 za masomo na 2 za mitihani, unapata takriban saa 35 kwa wiki, vipindi vikiwemo. Mwenye ratiba ya vipindi 19 anabakiwa na saa 16 za kujisomea. Saa 16 ni nyingi kwa anayesubiri wiki ya mtihani, na ni chache kwa anayeweka saa mbili na nusu kila siku.

Dodoma yenyewe inakupa ratiba. Oktoba na Novemba joto la mchana halivumiliki kwenye vyumba vya bati, hasa kwa waliopanga Ng'ong'ona. Kusoma saa nane mchana chumbani ni kujidanganya. Alfajiri ndiyo nzuri: saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, kabla ya vumbi na kelele. Mchana tumia maktaba. Juni na Julai upepo ni mkali na usiku una baridi, kwa hiyo anayepanga kukesha awe na koti, la sivyo atajikuta amelala saa tatu.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko urefu wa kusoma. Siku hiyohiyo ya kipindi, funga daftari na uandike kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Dakika 20 zinatosha. Rudia baada ya siku 3, halafu baada ya wiki. Anayesoma slaidi mara tano kwa kuzitazama tu anazizoea, na kuzoea kunamfanya aamini kwamba anajua. Kwenye karatasi tupu ndipo ukweli unapojitokeza. Kwa kozi za hesabu, takwimu na uhasibu, fanya maswali bila kuangalia majibu. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, mitano ikiwezekana, uijibu kwa saa.

Diskasheni inafaa ikiwa na watu 4 hadi 6, kila mmoja akija na swali alilokwisha kulijibu kwa maandishi. Wakifika 12, anaongea mmoja na wengine wanaitikia. Na yule anayeongea ndiye anayefaulu, kwa sababu kueleza ndiko kunakomfundisha.

Lugha: kikwazo kisichosemwa

Mtoto wa Kitanzania aliyepita shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza kidato cha kwanza, na amefika chuoni akiwa anaielewa mada vizuri lakini anaiandika kwa kuchechemea. Hili linaondoa alama nyingi, na watu wanaona haya kulizungumza. Hakuna aibu. Ni kazi ya kufanya kama kazi nyingine.

Jadilini mada kwa Kiswahili mpaka ieleweke, maana fikra hukomaa haraka kwa lugha unayoimiliki. Kisha, kabla hamjatawanyika, kila mmoja aandike aya moja ya jibu kwa Kiingereza, na mbadilishane karatasi. Weka daftari la istilahi za kila kozi, maneno 10 kwa wiki, kila neno na sentensi yake. Na andika sentensi fupi. Sentensi ya maneno 15 iliyosimama vizuri inamshinda msahihishaji kuipinga. Ya maneno 50 iliyopoteza kiima inamchosha.

Kubwa zaidi ni kutambua swali linaamuru nini. Tuchukue swali hili: "Tathmini mchango wa kilimo cha zabibu katika kipato cha kaya mkoani Dodoma." Jibu linalopata 5 kati ya 15 huanza na historia ya zabibu, likaeleza hali ya hewa, likaorodhesha matumizi manane ya zabibu, likamaliza. Mwandishi ameeleza, na swali lilitaka atathmini. Jibu la 12 linasema kwanza litapima mchango kwa vigezo gani, labda ukubwa wa kipato, uhakika wake kwa mwaka na nani ndani ya kaya anakipata. Linaonyesha kwamba mzabibu Dodoma unavunwa mara mbili kwa mwaka, na hilo lina maana gani kwa kaya inayotegemea mtama unaovunwa mara moja. Linataja kinachopunguza mchango huo: zabibu huharibika haraka, na mkulima asiye na mnunuzi wa uhakika huuza kwa bei ya kutupa. Mwishoni linatoa hukumu: mchango ni mkubwa kwa kaya za aina hii, mdogo kwa zile, kwa sababu hizi. Jadili, chambua, linganisha na tathmini ni amri nne tofauti. Jizoeze kupigia mstari neno la amri kabla ya kuandika chochote.

Ndani ya chumba cha mtihani

UE ya saa 3 yenye maswali 4 ya alama 15 ina dakika 180. Tumia 10 kusoma na kuchagua, 40 kwa kila swali, 10 kukagua. Dakika ya 40 ikifika, acha nafasi na uhamie swali jingine, hata kama bado una maneno. Alama 8 za mwanzo za swali ni rahisi kuliko 3 za mwisho, kwa hiyo anayebaki kwenye swali analolipenda kwa saa nzima na kuacha la nne likiwa tupu anabadilisha 8 kwa 3.

Kagua namba ya usajili kwenye kila kijitabu, namba za maswali, na idadi ya maswali uliyotakiwa kujibu kutoka kila sehemu. Acha simu chumbani. Kukutwa nayo, hata ikiwa imezimwa, kunaweza kuhesabiwa udanganyifu, na udanganyifu unafuta kila kilichoandikwa kwenye mwongozo huu.

Ukiugua, nenda zahanati ya chuo na toa taarifa kabla ya mtihani au siku yenyewe, ukiomba mtihani maalumu. Cheti kinacholetwa baada ya mtihani uliokwisha kuukalia kwa kawaida hakisaidii.

Boom, chumba na tumbo

Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita boom, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kiwango kamili, tangu 2022. Awamu ya siku 60 ni shilingi 600,000. Kosa lililozoeleka ni kuzigawanya kwa siku 60. Awamu inayofuata inaweza kuchelewa, kwa hiyo panga kama utakaa siku 70. Toa kwanza chumba, nauli na uchapishaji, tuseme 150,000. Zilizobaki 450,000 zigawe kwa wiki 10, upate 45,000, na ujitolee kiasi hicho kila Jumatatu. Wiki mbili za njaa kabla ya UE huonekana kwenye matokeo.

Kubeti kunaua GPA kuliko starehe nyingine zote tunazozijua, kwa sababu kunachukua fedha, usingizi na utulivu kwa pamoja. Ukishaanza kubeti fedha ya chakula, ongea na mtu wa ofisi ya ushauri wa wanafunzi mapema.

Kwa anayepanga nje ya chuo: uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na tembea njia ya kurudi saa mbili usiku kabla hujalipa kodi. Chumba cha bei nafuu ambacho hakikuruhusu kukaa maktaba hadi usiku kimekugharimu saa 10 kwa wiki.

Ada na usajili vimalizwe kwa wakati. Aliyezuiwa mlangoni kwa sababu ya namba ya malipo ambayo haijasomeka kwenye mfumo anaingia mtihani akiwa ametetemeka, au haingii kabisa.

Utafiti wa mwaka wa mwisho

Anayesoma Dodoma ana bahati: wizara ziko Mtumba, Bunge liko hapa, makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu yako hapa, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Makutupora kiko karibu. Chagua mada ambayo data zake unaweza kuzifikia kwa daladala. Barua ya kuomba kibali ipeleke mwishoni mwa mwaka wa pili au mwanzoni mwa wa tatu, kwa sababu majibu ya ofisi huchukua wiki kadhaa, na ofisi ikikataa uwe na muda wa kubadili. Mpelekee msimamizi kurasa chache kila wiki mbili, usimrundikie 60 kwa mkupuo. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine au kutolewa na programu ya akili unde yakigundulika, kazi nzima inarudi.

Tuzo zenyewe

Tuzo nyingi za mwisho wa masomo hazina fomu. Ofisi ya mitihani inatoa orodha ya waliofanya vizuri kwenye programu, ndaki au fani, na wafadhili wanakabidhi. Nyingine hutengwa kwa wanafunzi wa kike kwenye sayansi, au kwa kozi moja tu. Masharti yanayojirudia ni GPA ya juu kwenye kundi, kutokuwa na sapu, na kutokuwa na kosa la nidhamu. Hapa hesabu inabadilika kidogo: wawili wakilingana GPA, chuo kinaweza kuangalia wastani wa alama halisi. Anayetafuta daraja la kwanza anaweza kuridhika na 70. Anayetafuta tuzo anahitaji ile 85.

Uliza mkuu wa idara yako mwaka wa kwanza kuna tuzo gani na masharti yake, uyaandike. Nje ya chuo kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kwa waandishi kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambazo hazingojei uhitimu. Ukitazama mbele zaidi, matangazo ya kazi ya wakufunzi wasaidizi kwenye vyuo vya umma hudai 3.8 kwa shahada ya kwanza, na ufadhili mwingi wa nje, ukiwemo wa Jumuiya ya Madola, hutaka angalau daraja la pili la juu. Mwenye 3.7 anakosa nafasi ya ukufunzi kwa desimali moja.

Alama zikiwa na mkono wa mtu

Mhadhiri akidai ngono ili akupe alama, au akitishia kukufelisha, hilo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe. Hifadhi picha za skrini mahali pawili, andika tarehe, saa na mahali, mweleze mtu mmoja unayemwamini. Usiende ofisini kwake peke yako. Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia la chuo au TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo, kabla ya kumpa jibu lolote.

Kwa matokeo yenye kasoro za kawaida, hatua ni hizi. Pakua matokeo siku yanapotoka na uyalinganishe na alama zako za muhula. Piga GPA mwenyewe kwa kikokotoo. Kozi ikionekana haijakamilika, anza na mhadhiri wa kozi ukiwa na karatasi zako, kisha mratibu wa mitihani wa idara, kisha ofisi ya mkuu wa ndaki, kila hatua kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Rufaa ina siku zake za mwisho na mara nyingi ada yake. Zitafute kwenye kanuni kabla hujaondoka kwenda likizo, maana siku hizo hazisubiri uwe umerudi kutoka Kondoa au Mwanza. Na mwaka wa mwisho, kabla orodha ya wahitimu haijapitishwa, hakiki kwamba majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.